Binti wa Lodwar na Chuo cha Korea: Safari ya Kwenda na Kurudi



Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Mwenyezi Mungu alitujaalia, mimi na ndugu wawili, kufika Lodwar, makao makuu ya Kaunti ya Turkana, kwa darsa za siku chache. Siku ya pili, baada ya swala ya laasiri, kina mama walipokuwa wakiondoka, mama mmoja alibaki nyuma ya pazia akatoa salamu.

“Sheikh, nina suali la binti yangu,” akasema. “Yuko mwaka wa pili chuo kikuu huko chini, anasomea mambo ya maji na ardhi. Wamesikia kwamba mwanafunzi anaweza kwenda Korea muhula mmoja, akasome katika chuo cha sayansi na teknolojia, kisha akarudi kumalizia hapa kwetu. Babake amekataa. Nimwambieje?”

Nikamjibu kwa sentensi moja: “Mama, mwanamke hasafiri ila na mahram wake.”

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema kwa adabu: “Sawa, sheikh. Lakini kutoka hapa mpaka chuoni kwake ni mchana na usiku ndani ya basi, na mwaka wa pili huu anakwenda peke yake. Hapo mbona hatukuulizwa?”

Sikuwa na jawabu. Akasema ahsante, akaenda zake.

Ndugu wasomaji, jawabu nililompa lina asili katika dini, wala siliregeshi nyuma. Lakini nililitoa haraka, kama mtu afungaye mlango ili apumzike. Suali la mama yule lilikuwa na vyumba vingi, nami sikuingia hata kimoja. Makala haya ni jawabu langu kwake, limechelewa, na naliandika hapa kwa sababu najua wako kina mama wa Mombasa, Malindi na Lamu wenye suali lilo hilo.

Mji uliokuwa mwisho wa dunia

Kwanza tuujue mji wenyewe. Wakoloni waliiona Lodwar kuwa mahali pa kumtupa mtu asisikike tena. Mzee Jomo Kenyatta, baada ya kumaliza kifungo chake Lokitaung mwaka 1959, hakuachiwa huru. Aliwekwa Lodwar chini ya ulinzi hadi 1961. Jua ni kali, mvua ni chache, na Mto Turkwel ndio uhai wa watu na mifugo.

Leo mji huo huo una Chuo Kikuu Kishiriki cha Turkana, kilichopandishwa hadhi mwaka 2017 chini ya Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Ardhi iliyodhaniwa kuwa tupu imegunduliwa mafuta, tangu kisima cha Ngamia 1 mwaka 2012. Maji yako chini ya ardhi, na jua lipo mwaka mzima. Neema za Mwenyezi Mungu zimo. Kinachohitajika ni watu wa hapo hapo wenye elimu ya kuzitoa, kuzipima na kuzilinda, ili wasiwe watazamaji wa mali yao. Kwa hivyo binti wa Lodwar anayesomea maji si jambo la anasa. Ni haja ya mji wake.

Imam Ghazali, katika Ihyaa, ameihesabu elimu ya tiba na ya hesabu kuwa ni faradhi ya kutosheleza: wakikosekana kabisa wenye kuijua katika mji, watu wote wa mji wana dhambi. Sioni vipi elimu ya kuchimba kisima katika Turkana itatoka nje ya hukumu hiyo.

Kwa nini Korea?

Wengi wetu tunaijua Korea ya Kusini kwa simu na magari. Lakini nchi hiyo ilitoka katika vita vya 1950 hadi 1953 ikiwa magofu, na ilikuwa miongoni mwa nchi masikini za dunia. Vijana wake hodari walikwenda kusoma Marekani, na wengi hawakurudi. Viongozi wao wakaona kwamba nchi inayosomesha watoto wake kisha ikawapoteza ni kama mtu achotaye maji kwa pakacha. Mwaka 1966 wakaanzisha taasisi ya utafiti, wakawaita wataalamu wao waliokuwa ng’ambo warudi nyumbani. Mwaka 1971, kwa msaada wa mkopo wa Marekani, wakaanzisha chuo cha sayansi ambacho leo kinajulikana kwa jina la KAIST, na makao yake yako katika mji wa Daejeon. Masomo mengi hapo hufundishwa kwa Kiingereza.

Jambo hili si geni kwetu. Abiria wa kutoka Mombasa kwenda Nairobi hupita Konza, ambako serikali yetu, kwa mkopo kutoka Korea na kwa ushauri wa chuo hicho cha Daejeon, imeamua kujenga chuo cha sayansi na teknolojia cha mfano huo, yaani Kenya-KAIST. Basi Korea ya mama wa Lodwar si ndoto ya mtoto aliyetazama sinema. Kenya yenyewe imekwenda kubisha hodi huko.

Kubadilishana si kuhama

Sasa tufike kwenye jambo ambalo baba wa binti, nadhani, hakuelezwa. Ziko njia mbili za kwenda kusoma, na watu huzichanganya.

Njia ya kwanza ni kwenda kusomea shahada nzima. Serikali ya Korea ina ufadhili wake, Global Korea Scholarship, ambao hulipa ada, nauli na posho ya mwezi. Mwanafunzi huanza kwa mwaka mmoja wa lugha ya Kikorea, kisha husoma miaka minne kwa shahada ya kwanza au miwili kwa uzamili. Hiyo ni safari ndefu.

Njia ya pili ni ya kubadilishana wanafunzi. Hapa mwanafunzi habadilishi chuo. Anabaki kuwa wa chuo chake cha Kenya, huenda muhula mmoja au miwili katika chuo ambacho chuo chake kimefunga nacho mkataba, na masomo aliyofaulu huko huhesabiwa hapa. Aghalabu ada huendelea kulipwa nyumbani, na chuo cha ugenini hakimtozi ada yake. Muhula wa Korea huchukua miezi minne hivi: mmoja huanza mwisho wa Februari au mwanzo wa Machi, wa pili mwisho wa Agosti au mwanzo wa Septemba. Na kama jina lenyewe lisemavyo, mwenyeji naye ana haki ya kuleta watoto wake kwetu. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Basi shina la safari hii ni kurudi. Asiyerudi hakubadilishana, amehama tu.

Nilivyojifunza Kakuma

Maana ya kurudi niliifahamu vyema siku ya nne, tulipokwenda Kakuma, kiasi cha kilomita 120 kaskazini magharibi ya Lodwar. Kambi ile ilianzishwa mwaka 1992 kwa ajili ya vijana waliokimbia vita vya Sudan. Leo, pamoja na makazi ya Kalobeyei, ina zaidi ya watu 200,000, wakiwemo Wasudani Kusini, Wasomali, Wakongo, Waethiopia na Warundi. Misikiti ipo, madrasa zipo, na Kiswahili kinasikika sokoni.

Vijana wa Kakuma nao husoma. Tangu 1992 uko ufadhili wa DAFI, unaosimamiwa na shirika la UNHCR, unaowalipia wakimbizi shahada katika nchi walizokimbilia. Na liko shirika la World University Service of Canada, ambalo tangu 1978 limekuwa likiwapeleka wakimbizi wachache katika vyuo vya Kanada wakiwa wakaazi wa kudumu. Ni neema kubwa, na wanaopata ni wachache kati ya wengi wanaotamani.

Kijana mmoja, mwalimu wa madrasa, aliyezaliwa pale pale kambini, alikuwa akingojea matokeo ya maombi yake. Nikamsimulia kisa cha baba wa Lodwar. Akatabasamu, akasema: “Sheikh, yule mzee anaogopa mtoto wake akenda hatarudi. Mimi naogopa nikienda sitaweza kurudi kumuona mama. Laiti ningekuwa na shida yake.”

Neno hilo lilinikaa moyoni. Kijana wa Kakuma mlango wake hufunguka upande mmoja: akitoka, ametoka. Hana pasipoti ya nchi, na safari ya muhula mmoja inamtaka mtu awe na mahali ambapo sheria itampokea akirejea. Binti wa Lodwar ana pasipoti ya Kenya, nyumba ya babake, na chuo kinachomngoja. Mlango wake hufunguka pande zote mbili. Hiyo ni neema, na hatuioni mpaka tukae na asiyekuwa nayo.

Dini inasemaje?

Wengi hupenda kutaja hadithi ya kutafuta elimu hata China. Sitaitegemea, kwa kuwa wataalamu wa hadithi wameidhoofisha sana. Lakini Qur’ani inatutosha. Katika Sura ya At-Tawba, aya ya 122, Mwenyezi Mungu anatuelekeza kwamba waumini wasitoke wote kwa pamoja. Bali katika kila jamii litoke kundi likajifunze dini kwa kina, kisha liwaonye watu wake litakaporudi kwao. Aya inazungumzia elimu ya dini, na sipendi kuibebesha isichosema. Ila mpangilio wake ni somo: wachache hutoka, hujifunza, na hurudi kwa watu wao.

Na wazee wetu wa pwani walifanya hivyo. Sayyid Ahmad bin Sumayt alisafiri Hadhramaut, Istanbul na Misri, akakaa na wanavyuoni wa kila mahali, kisha akarudi Zanzibar akawa kadhi na mwalimu wa wengi hadi alipofariki mwaka 1925. Lau asingerudi, elimu yake ingewafaa watu wengine.

Ama suala la mahram, nitalisema kama lilivyo. Asili katika madhehebu yetu ya Shafii ni kwamba mwanamke hasafiri bila ya mume au mahram. Katika hija ya faradhi, Shafii wamemruhusu atoke pamoja na wanawake waaminifu. Wako wanavyuoni wa zama zetu waliotazama sababu ya hukumu, nayo ni usalama na heshima ya mwanamke, wakalegeza pale njia na makazi yanapokuwa salama; na wako walioshikilia asili. Mimi si mufti. Ninachosema ni kwamba suali hili lipelekwe kwa kadhi au sheikh anayeijua familia na hali yake, naye asikilize mpaka mwisho kabla ya kujibu. Mimi sikusikiliza.

Lakini jambo moja halina khilafu: mizani iwe moja. Ikiwa tunamhurumia binti katika ndege, tumhurumie pia katika basi la usiku la kwenda Kitale na Nairobi. Ndugu yake, mjomba au babake amsindikize pale inapowezekana. Asafiri na wasichana wenzake. Ajulikane analala wapi. Akienda ng’ambo, mahram ampeleke ikiwa mali inaruhusu, aende na mwenzake, na akae katika bweni la wanawake, nayo mabweni ya chuo cha Daejeon yametengwa ya wanaume na ya wanawake.

Na mizani iwe moja kwa watoto wa kiume vile vile. Tunamwachia kijana aende popote bila suali, kana kwamba yeye hana swala ya kupoteza wala ulevi wa kuogopewa. Korea ni nchi ambayo pombe hunywewa sana katika karamu za wenzi wa kazi na masomo. Atakayealikwa kwanza, aghalabu, ni huyo kijana wa kiume.

Atakayoyakuta huko

Mama hataki falsafa. Anataka kujua mwanawe atakula nini na ataswali wapi. Basi tuyataje.

Uislamu si mgeni kabisa Korea. Askari wa Kituruki waliokwenda katika vita vile walikuwa na maimamu, na kupitia kwao baadhi ya Wakorea wakasilimu. Msikiti mkuu wa Seoul, katika mtaa wa Itaewon, ulifunguliwa mwaka 1976, na kando yake yako maduka na mikahawa ya halali. Kutoka Daejeon hadi Seoul ni mwendo wa saa moja hivi kwa treni ya kasi.

Swala zitamtaka mazoea mapya. Sisi wa pwani tumezoea kuelekea kaskazini, na watu wa Lodwar karibu hivyo hivyo. Huko qibla ni upande wa magharibi, kikielekea kidogo kaskazini. Kwetu mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima. Huko, mwezi wa Juni alfajiri huingia baada kidogo ya saa tisa usiku na magharibi hukaribia saa mbili usiku. Mwezi wa Disemba jua hutua baada kidogo ya saa kumi na moja jioni, na adhuhuri, alasiri na magharibi hufuatana wakati wa darasa. Apange ratiba yake mapema, Ijumaa hasa. Na udhu wa maji ya baridi, kwa mtoto wa Lodwar ambaye hajawahi kuvaa koti, ni jihadi ndogo.

Chakula: wali upo, samaki wapo, mboga zipo, na mwani huko ni chakula cha kila siku. Lakini nguruwe ni nyama ya kawaida, na pombe hutiwa katika baadhi ya michuzi. Ajifunze maneno mawili kabla ya kuondoka: dwaeji ni nguruwe, na sul ni pombe. Akiuliza kwa maneno hayo, hatadanganyika kwa urahisi. Iliyo salama zaidi ni kujipikia pale bweni linaporuhusu, na kwa hilo kijana wa kiume naye afundishwe jiko na mamake.

Na yako mema atakayoyakuta ambayo sisi tunaanza kuyaacha. Wakorea humheshimu mkubwa mpaka lugha yenyewe hubadilika anaposemeshwa. Hupokea kitu kwa mikono miwili. Huvua viatu mlangoni. Aliyelelewa kwa shikamoo na adabu za nyumba zetu hatapata taabu.

Na mama naye ajue saa: Korea iko mbele yetu kwa saa sita. Akipiga simu Lodwar baada ya magharibi, huko ni baada ya saa sita za usiku. Apige baada ya adhuhuri.

Masuali ya kupeleka ofisini

Kabla ya mzee kusema ndiyo au la, na kabla ya kuuza mbuzi hata mmoja, aende na binti yake katika ofisi ya chuo inayoshughulika na masuala ya nje, aulize haya. Je, chuo chetu kina mkataba ulio hai na chuo hicho cha Korea? Ikiwa hakuna, hapana safari ya kubadilishana, hata kama mtu fulani mjini anasema anaweza kuipanga. Je, masomo atakayosoma huko yatahesabiwa hapa, na nani atatia saini? Ada italipwa wapi? Nani atalipa nauli, viza, bima ya afya, bweni na chakula? Je, uko ufadhili wa gharama hizo? Chuo huteua wanafunzi wangapi, na kwa alama gani?

Anayedai pesa mkononi ili amwingize mtoto katika safari ya kubadilishana ni tapeli. Uteuzi hutoka chuoni, si mfukoni mwa wakala. Wala mtu asichukue mkopo wa riba kwa ajili ya muhula mmoja; elimu iliyoanza kwa haramu huanza na mzigo.

Jawabu la mzee

Tulipokuwa tukirudi nilipitia tena Lodwar, nikamwachia imamu wa msikiti karatasi yenye masuali haya, ampe baba wa binti, pamoja na salamu zangu na kuomba radhi kwa mama.

Wiki kadhaa baadaye imamu akanipigia simu. Mzee alikuwa amesafiri na binti yake, basi lile lile la usiku, bega kwa bega mpaka chuoni, na wakaingia ofisini pamoja. Wakajibiwa kwamba mkataba na chuo kile cha Korea haupo. Binti alilia njiani. Mzee hakusema neno mpaka walipofika mahali pa kunywa chai. Hapo akamwambia: “Maliza shahada yako kwanza. Ukimaliza, hiyo ya uzamili tutakwenda kuiuliza tena, mimi na wewe.”

Mama ameniletea salamu. Anasema safari haikupatikana, lakini sasa babake ndiye anayeuliza habari za masomo kila wiki, jambo ambalo hakuwa akilifanya.

Nami namuomba Mwenyezi Mungu amfungulie binti yule mlango wenye heri, amfungulie yule kijana wa Kakuma mlango wa kutoka na wa kurudi kumuona mamake, na awajaalie watoto wetu wote elimu yenye manufaa, waendapo na warudipo. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.